Kutembea rasi ya Sorrento bila mwongoza watalii

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi na mume wangu tuko Ipagala Dodoma, mwakani tunataka kwenda Italia kutembea kwa miguu ile rasi ya Sorrento, tunapewa ramani tu alafu tunajitegemea wenyewe, sasa hatutapotea kweli? Na sisi sio wapanda milima. – Mama J

JIBU: Mama J, kupotea sio rahisi, njia zina alama za rangi nyekundu na nyeupe kwenye mawe na kuta, na kampuni nyingi zinawahamishia mabegi hoteli mpaka hoteli, nyie mnabeba maji na koti la mvua basi. Urefu wa mlima usiwatishe, hapo Dodoma mko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari wakati ile njia maarufu, Sentiero degli Dei (yani Njia ya Miungu), kutoka kijiji cha Bomerano mpaka kijiji cha Nocelle haifiki hata mita 700, yani iko chini kuliko sebuleni kwenu!

Shughuli iko kwenye ngazi. Toka Nocelle kushuka mji wa Positano ulio pwani ni ngazi za mawe kama 1,700 na kushuka ndo kunaua magoti, kwahiyo anzeni sasa kupanda kilima cha Mlimwa hapo Dodoma asubuhi na viatu vilevile mtakavyosafiri navyo, msije mkanunua vipya wiki ya safari.

Nendeni Mei au Septemba, Agosti jua kali na watu wamejaa. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ombeni mapema. Mkichoka pandeni basi, ila tiketi nunueni dukani kabla, msitegemee konda kama kwenye daladala.