Ukienda Baku, kula mtaani

Kila mara napata ujumbe kutoka kwa vijana waliopata nafasi ya kusoma Azerbaijan. Serikali ya nchi ile hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa nchi zisizofungamana na upande wowote, Tanzania ikiwemo. Na tangu mkutano wa tabianchi wa COP29 ufanyike Baku, mji mkuu wao, Novemba 2024, hata wasio wanafunzi wameanza kuniuliza. Maswali ya viza na hosteli huisha haraka. Linalobaki ni la tumbo: dada, kule nitakula nini?

Nimeishi Baku miaka 2, na jibu langu halijabadilika. Wiki ya kwanza tu, tafuta mgahawa mdogo kwenye mtaa unakolala, nenda mara tatu mfululizo, wakuzoee. Migahawa ya barabara ya Nizami na ile iliyo ndani ya kuta za mji mkongwe, İçərişəhər, ina taa nzuri na menyu ndefu kama daftari la mahudhurio. Utakwenda tu, wenzako watakupeleka. Lakini mahali penye vyakula sitini kwenye menyu, ni vigumu kujua kipi kimepikwa leo. Mgahawa wa mtaani una sufuria mbili tatu, na wateja wake ni mafundi, madereva na wazee wa majengo ya jirani, watu wanaorudi kesho. Mpishi hawezi kuwadanganya.

Wangu ulikuwa Yasamal, chini ya jengo la mawe ya rangi ya mchanga, enzi za Wasovieti. Unashuka ngazi saba, unafungua mlango mzito, unaingia chumba chenye meza tisa. Wakati wa baridi ule mlango ulikuwa neema. Upepo wa kaskazini wa Baku, wenyewe wanauita Khazri, unakukata masikio kabisa, nami nimetoka Tanga. Ukishafunga mlango nyuma yako unasikia harufu ya mkate wa tanuri na mafuta ya kondoo, mwili wote unalegea.

Sasa ushauri wenyewe. Ukikaa, usikimbilie menyu. Uliza: "Bu gün nə var?" Maana yake, leo kuna nini? Swali hili dogo lilinifaa kuliko sentensi zote nilizofundishwa darasani. Mhudumu atakutajia vitu vitatu au vinne, na hivyo ndivyo vya kula. Ukitaka kitu kisichokuwemo watakutengenezea, kwa sababu hawapendi kumwambia mgeni hapana, ila utasubiri sana na hakitakuwa kilekile.

Ukisikia neno piti kwenye majibu yake, acha mengine yote. Piti ni chakula cha Sheki, mji wa kaskazini-magharibi chini ya milima ya Kaukazi, ila Baku kipo kila kona. Ni nyama ya kondoo, dengu nzima, kipande cha mafuta ya mkia, na mara nyingi chestnut, aina ya kokwa, na tunda kavu chachu, vyote vimepikwa polepole kwa saa nyingi ndani ya chungu kidogo cha udongo. Kila mteja na chungu chake. Hakuna kugawa.

Siku yangu ya kwanza niliingiza kijiko moja kwa moja kwenye chungu. Mama mpishi aliniona kupitia dirisha la jikoni. Akatoka anajifuta mikono, akanisalimia, akachukua kijiko mkononi mwangu taratibu kama mtu anavyomchukulia mtoto kisu, akaanza kunionyesha. Hatukuwa na lugha moja, na hatukuihitaji. Alichukua mkate, akaumega vipande vipande ndani ya bakuli la shimo. Akafunga chungu kwa kitambaa kisimuunguze, akakiinamisha, akamimina mchuzi peke yake, wa manjano ya zafarani, mpaka mkate ukazama. Juu akanyunyiza sumac, unga mwekundu wenye uchachu unaokumbusha ukwaju. Akanisogezea kitunguu kibichi. Kula, akaashiria.

Nilipomaliza mchuzi akarudi. Mara hii akamimina vilivyobaki: nyama, dengu, yale mafuta. Akachukua uma akaponda vyote pamoja, mafuta yakapotea kwenye dengu, ikawa kama uji mzito wenye nyuzi za nyama. Sumac tena. Chungu kimoja, milo miwili. Nilikuwa nimeanza kuyasukuma mafuta pembeni kwa uma, akanizuia mkono. Alikuwa na haki. Ukiyatoa mafuta ya mkia, mlo wa pili unakuwa mkavu, dengu zinakukaba kooni. Yaponde yote. Ukishindwa, agiza kitu kingine, lakini usiile piti nusu.

Siku ya pili nilimimina mchuzi mwenyewe, naye akiwa dirishani. Alipiga makofi mawili akarudi kwenye masufuria yake. Tangu hapo nikawa mtu wa pale.

Kuhusu pilau niwe mkweli, kwa sababu hapa ndipo wenzetu wengi huumia. Watakwambia Azerbaijan ni nchi ya pilau, na ni kweli. Wao husema plov, au aş. Lakini ukienda umejiandaa kwa pilau ya kwetu, yenye bizari, iliyopikwa pamoja na nyama mpaka ikawa ya kahawia, utakasirika bure. Kwao wali hupikwa peke yake: unachemshwa, unamwagwa maji, unarudishwa kwenye moto mdogo kwa mvuke na siagi, kisha sehemu yake inatiwa zafarani. Nyama na matunda makavu, aprikoti, zabibu, chestnut, vinapikwa pembeni na kuletwa pembeni. Unachanganya mwenyewe kwenye sahani. Mara ya kwanza niliona utamu kwenye nyama si mahali pake. Mara ya tatu nilielewa kwamba wali ule haujifichi nyuma ya kiungo chochote. Punje ikiwa mbovu utajua papo hapo.

Na kuna ukoko! Wanauita qazmaq. Wanatandika chini ya sufuria wali uliochanganywa na yai na mtindi, au chapati nyembamba ya unga, siagi inaukausha mpaka unakuwa wa dhahabu. Kwetu ukoko ni wa watoto wanaogombania sufuria uani. Wao wanaukata vipande na kuuweka juu ya wali, ndiyo heshima ya mgeni. Ukiona sahani ya plov imekuja bila qazmaq, uliza: "Qazmaq var?" Mara nyingi upo jikoni. Na ile plov ya sherehe iliyofunikwa mkate mwembamba na kuokwa mpaka ikasimama kama kilemba, şah plov, usiitake papo hapo kwenye mgahawa wa mtaani. Waambie jana yake, na uje na wenzako.

Vitu vingine nitavitaja harakaharaka. Qutab, tamka gutabu, ni chapati nyembamba iliyokunjwa nusu mwezi, ndani nyama au mboga za majani. Ya majani uile na mtindi, ni chakula kizuri cha mwisho wa mwezi mfuko ukiwa mwepesi. Dushbara ni vijisambusa vya kuchemsha, vidogo kiasi kwamba vinajaa vingi kwenye kijiko kimoja, ndani ya supu, unatia siki na kitunguu saumu. Dolma utaijua, nyama na mchele ndani ya majani ya mzabibu. Utengenezaji wake Azerbaijan uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017. Na kama wewe ni mtu wa supu ya makongoro, ulizia xaş miezi ya baridi. Ni kwato, zimechemka usiku kucha, zinaliwa alfajiri kwa kitunguu saumu na siki. Nilipoionja nilinyamaza kidogo, nikaona kibanda cha supu stendi ya Tanga.

Sasa pesa, na hapa nisikilizeni vizuri.

Ukikaa tu, meza itaanza kujaa. Mkate, jibini, achari, nyanya na matango, na sahani ya majani mabichi: kotimiri, vitunguu vya majani, shibiti, rihani ya zambarau. Ile rihani peke yake inatosha kukurudisha nyumbani. Wao wanaiita reyhan. Mwenyeji wako hatakwambia kwamba vitu hivi vina bei, kwa sababu kila mtu pale anajua. Kama huvitaki, rudisha mapema kabla hujagusa, kwa tabasamu. Hakuna atakayekasirika. Mimi nilikuwa nabakiza majani na mkate.

Chai ndiyo yenye mtego mkubwa. Wiki zangu za mwanzo tuliingia watatu kwenye mgahawa mmoja karibu na ufukwe wa bahari ya Kaspi. Tulikula kidogo kwa makusudi, tukihesabu kila manati, pesa ya kule. Mwisho tukaomba chai, tukidhani chai ni chai. Ikaja birika, vikombe vya kioo vyenye kiuno, jamu za aina tatu, limau, lozi na karanga, matunda makavu, pipi. Tukadhani ni ukarimu. Hesabu ilipokuja, chai ilikuwa imezidi chakula chote. Mwenzetu mmoja alilia kweli, ile ilikuwa pesa yake ya basi ya wiki. Sisemi waliiba, bei ilikuwepo kwenye menyu, kurasa za mwisho. Lakini hawakutuambia, nasi hatukuuliza, na mpaka leo naona walipaswa kutuambia.

Kwa hiyo uliza kabla: "Çay neçəyədir?" Chai bei gani? Ukitaka glasi moja tu, sema "bir stəkan çay". Seti yenye jamu na mapambo inaitwa çay dəsti. Agiza siku mkiwa wengi mnaoweza kuchangishana, maana ni kitu kizuri mno kukaa nacho. Utamaduni wao wa chai, pamoja na wa Uturuki, nao uliingia UNESCO, mwaka 2022, na ukikaa jioni moja na wazee wa mtaani utajua kwa nini. Jamu haitiwi kwenye chai. Unaweka kidogo mdomoni kwa kijiko, unapitisha chai juu yake. Sukari ya donge vilevile: unachovya ncha kwenye chai, unaing'ata, unakunywa.

Kwenye hesabu angalia mstari wa xidmət haqqı. Maneno yote mawili unayajua, huduma na haki. Migahawa mingi huongeza asilimia 10. Ikiwa imeongezwa, hudaiwi bahashishi juu yake. Dola moja ni manati 1.70, na kiwango hicho kimekaa hivyo tangu 2017, kwa hiyo kupiga hesabu kichwani ni rahisi. Piti, mkate, ayran ile ya mtindi wa kunywa, na glasi ya chai, pale kwangu Yasamal havikuwahi kufika manati 17. Beba noti ndogo.

Akina dada, neno lenu. Baadhi ya nyumba za chai na za kababu ni za wanaume watupu, wanacheza nardi, mchezo wa ubao na dadu, na wanavuta sigara. Hakuna atakayekufukuza, lakini utatazamwa, na hutakula kwa raha. Chungulia kwanza. Kama hakuna mwanamke hata mmoja, uliza kama wana kabinet, chumba kidogo chenye mlango au pazia ambacho familia hukaa. Migahawa mingi inavyo. Au tafuta penye mwanamke jikoni, ndivyo nilivyofanya. Mwite xala, mama mdogo. Mzee wa kiume ni əmi, ndiyo ami ya kwetu Pwani. Vijana wanaohudumu ni qardaş, kaka. Nao watakuita bacı, dada, au qızım, binti yangu. Nilipoanza kuita watu hivi mambo yalibadilika, kwa sababu mgeni anayejua cheo cha mtu hachukuliwi kama mpita njia.

Waislamu huuliza sana kuhusu halali. Wengi wa watu wa Azerbaijan ni Waislamu, na kwenye migahawa midogo nyama karibu yote ni kondoo, ng'ombe na kuku. Lakini serikali yao haifuati dini, pombe inauzwa waziwazi, na nguruwe yupo baadhi ya mahali. Neno la kuliepuka kwenye menyu ni donuz, nguruwe. Ukiwa na shaka uliza "halaldır?" Hawataona umewavunjia heshima.

Mkate uliobaki usiufinyange wala kuuacha sakafuni. Wanauheshimu mno, utaona mitaani mabaki yametiwa kwenye mifuko na kutundikwa kando ya mapipa, yasichanganyike na taka. Mimi nilikuwa naomba wanifungie, naula asubuhi na chai.

Ukimaliza, inua mkono kidogo useme "hesab". Ndiyo, ni hilohilo. Kisha umshukuru mpishi kwa sauti ifike jikoni: "Sağ olun, xala." Atakujibu "nuş olsun" bila kugeuka. Na kama unaifuata piti, fika kabla ya saa saba mchana. Vyungu vinahesabiwa asubuhi, na saa nane mara nyingi nilikuta vimekwisha.