Kwaya Jumapili, Hotelini Ijumaa

Mwezi huu barua tatu, moja ndefu na mbili fupi. Ile ndefu imenikalisha macho usiku kwa hiyo imekula nafasi kubwa, wengine mnivumilie zamu yenu itafika.

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mimi ni binti wa miaka 24 nipo Tanga, Makorora. Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwetu tangu niko darasa la sita na solo nyingi napewa mimi. Sasa kuna bendi inapiga kwenye hoteli moja kule Raskazone, kinanda, besi, dramsi na saksofoni, wanapiga jazi ile ya taratibu watu wanakula huku wanaangalia bahari. Waliniskia kwenye harusi ya rafiki yangu wakaniita nijaribu, nikaimba mbili tu wakasema nianze kila Ijumaa, elfu hamsini kwa usiku. Nimefurahi mpaka usingizi sikupata, ila mwalimu wa kwaya kapata habari kabla sijamwambia, kaniita nyuma ya kanisa kasema mshika mbili moja humponyoka, nichague. Mama hajui. Mjomba kuna mtu aliyewahi kuimba gospo na jazi akafika mbali au ntaishia kukosa vyote?

Solo wa Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na mwalimu wako. Mshika mbili moja humponyoka ni kweli kama umeshika kuku, ila mpiga gitaa kila siku anashika mbili, mkono mmoja kwenye shingo ya gitaa mwingine kwenye nyuzi, akiachia mmoja hamna muziki. Lakini usimwambie hivyo, atakufukuza leo leo.

Alafu hili sio jambo la makanisa peke yake. Mimi mtoto wa Ngamiani, nimeanzia maulidini napiga dufu na kuitikia kaswida, nilipofika miaka 19 nikaingia kwenye kikundi cha taarabu kupiga dumbaki, basi ustadhi wangu alininunia mwaka mzima, hata salamu alikua anaitikia nusu. Baadae ndo nikajua kilichomuudhi sio dumbaki, ni kwamba alizipata habari kwa muuza kahawa kabla hajazipata kwangu. Hilo liweke pembeni, ntalirudia.

Sasa uliyemuuliza yupo, na maisha yake yanakuhusu wewe kabisa. Anaitwa Sister Rosetta Tharpe, Mmarekani, kazaliwa 1915 kamji kadogo kanaitwa Cotton Plant, jimbo la Arkansas, huko kwenye mashamba ya pamba kama sisi tulivyo na mkonge. Mama yake Katie Bell Nubin alikua mhubiri na mpiga mandolini wa Church of God in Christ, kanisa la kilokole ambalo tofauti na mengine ya wakati ule halikuona shida ya magitaa na matari ibadani. Kwa hiyo mtoto kakulia kwenye makofi na gitaa, inasemekana miaka minne tayari alikua anaimba mbele za watu na gitaa mkononi. Wakahamia Chicago, mama anahubiri, binti anapiga, mikutano ya injili mji hadi mji.

Mwaka 1938 akiwa na miaka 23 akaenda New York, na hapo ndo kesi yako ilipoanzia. Akapata kazi Cotton Club, ukumbi wa starehe mkubwa, wacheza shoo na pombe na kila kitu, na yeye akapanda pale kuimba nyimbo za kanisani. Sio za mapenzi, za kanisani. Mwaka huo huo kampuni ya Decca ikamrekodi nyimbo nne na Desemba akaimba Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa muziki hapo hapo New York, kwenye tamasha la muziki wa watu weusi. Waumini wakawaka, unaelewa kwanini, mtu anasikia jina la Bwana linaimbwa watu wameshika glasi. Na mimi hapa kidogo nawaelewa, sema kweli. Kuimba jazi hotelini ni kazi kama kazi nyingine ila kuchukua wimbo wa ibada ukaupeleka kwenye meza za bia, hapo umemgusa mtu pabaya.

Baada ya hapo akaingia bendi ya Lucky Millinder, bendi kubwa ya matarumbeta, akawa anaimba na za kidunia kabisa. Alafu akarudi kwenye injili lakini hakuacha alichojifunza kule, na hiki ndo nataka ukisikie. Mwaka 1944 alirekodi na mpiga piano Sammy Price wimbo wa injili wenye mdundo wa dansa na gitaa la umeme, mwaka uliofuata ukapanda mpaka namba 2 kwenye chati ya nyimbo za watu weusi. Wapo wanaosema mapigo ya rokenrol yalianzia humo. Elvis Presley na Chuck Berry, manguli wa rokenrol, wote walimsikiliza. Little Richard, nguli mwenzao, akiwa na miaka 14 huko Macon, mwaka 1947, Rosetta alimskia anaimba akampandisha stejini kwake na akamlipa, yule dogo ndo ikawa mara ya kwanza kushika hela ya muziki. Sasa jiulize vile vidole vya gitaa Rosetta alivipata wapi, kanisani kwa mama yake au ukumbini kwa Millinder? Vyote viwili, huwezi kuvitenganisha, ni kama nazi na mchele ukishapika.

Mwaka 1951 akafanya jambo ambalo hata Tanga hatujalifanya na sisi kwa harusi tunajijua. Alifunga ndoa uwanjani, uwanja wa mpira kule Washington, akauza tiketi, watu zaidi ya 20,000, akavaa shela na baada ya ndoa akapiga gitaa. (Mabibi harusi wa siku hizi na michango ya kamati mngemkoma.)

Kikamrudia kibao miaka ya 1950 alipojaribu kurekodi bluzi za kidunia na mwenzake Marie Knight, waliyekua wakiimba nae injili. Watu wa kanisa wakamgeuka kweli, sio maneno tu, waliacha kuja. Akageukia Ulaya. Ipo video ya 1964, Manchester Uingereza, kwenye kituo cha treni kilichofungwa, mvua imenyesha, watazamaji wamekaa upande wa pili wa reli na yeye kavaa koti anapiga gitaa jeupe anaimba injili, itafute uiangalie mara tatu kabla hujaenda mazoezini. Akafa 1973 akiwa ameshakatwa mguu mmoja, na kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe la jina. 2018 ndo wakamuingiza kwenye Jumba la Heshima la rokenrol.

Usiishie kwenye kaburi ukasema ona yaliyompata. Angalia pale alipoumia. Hakuumia kwa kupanda jukwaa la jazi, maana alitoka Cotton Club akaja kujaza uwanja mzima kwa injili. Aliumia alipobadilisha alichokua anawaimbia wale wale waliomzoea.

Pembeni yake kulikua na Mahalia Jackson, mzaliwa wa New Orleans, nae akahamia Chicago. Huyu aligoma, aliahidiwa hela aimbe bluzi na kwenye vilabu akakataa, akafungua saluni na duka la maua ili njaa isimlazimishe. Hilo la duka lishike sana. Rekodi yake ya 1947 iliuza zaidi ya milioni. Lakini 1958 huyo huyo mgomvi wa vilabu alirekodi na Duke Ellington, mfalme mwenyewe wa jazi, na akaimba kwenye tamasha la jazi la Newport, watu wa jazi wamekaa kimya wanasikiliza injili. Kwa hiyo jukwaa lilikua la jazi, wimbo ulikua wake. Na Dinah Washington yeye alianzia kwaya akiitwa Ruth Jones, akabadilisha jina akahamia jazi mazima, hakuchanganya. Kila mtu na njia yake.

Na kama mwalimu wako ni mtu wa kuongea vizuri mwambie taratibu habari za Thomas Dorsey, yule anayeitwa baba wa muziki wa gospo. Kabla ya hapo alikua mpiga piano wa bluzi, anaitwa Georgia Tom, anampigia mwanamama Ma Rainey. Alipoanza kupeleka nyimbo zake makanisani Chicago walimfukuza na makaratasi yake, wakasema analeta mambo ya vilabuni. Leo kwaya nzima mnachezea mapigo hayo hayo mbele ya altare na vitenge vya sare.

Sasa ya kufanya. Kwanza mama ajue leo, kwa mdomo wako, kabla hajatumiwa kipande kwenye simu, maana hotelini kila meza ina mtu anarekodi. Alafu mchungaji, alafu mwalimu, nenda na mama yako kabisa. Pili panga na bendi nyimbo zako, waambie za ibada hazipandi pale na za matusi pia hapana, za katikati zipo kibao. Tatu hiyo elfu hamsini iandikwe. Kama unapiga seti tatu mpaka saa sita usiku alafu bodaboda ya kurudi Makorora juu yako, hesabu ibakie ngapi, na waulize nani analipa siku mvua ikinyesha wateja wasije. Ijumaa ina faida moja, Jumamosi koo linapumzika, wakikuhamishia Jumamosi kataa, Jumapili asubuhi utaenda kukoroma kwenye solo na hapo mwalimu atakua ameshinda kihalali.

La sauti: kwaya mnasoma do re mi na kila mtu anatua pamoja, mwalimu akishusha mkono. Kwenye jazi ukitua pamoja na dramsi unasikika kama unasoma tangazo. Chelewa kidogo, kaa nyuma ya pigo. Noti ya tatu na ya saba zishushe kidogo tu, nusu isiyofika, ile ile unayoishusha bila kujua ukizidiwa na wimbo kanisani. Na mwambie mpiga kinanda akutafutie ki yako, yaani kimo cha wimbo kinachoifaa sauti yako, usikubali uimbe ki aliyoizoea mwanaume aliyekutangulia, utajikaza shingo mwezi mzima alafu utasema jazi imekuharibia sauti.

SWALI

Kijana wangu, nyie mnaita jazi hizo za hotelini. Sisi jazi yetu ilikua bendi zetu za hapa Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, tunacheza mpaka alfajiri viatu mkononi. Mbona hazifanani hata kidogo, nani kaiba jina la mwenzake?

Mzee wa Ngamiani

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Hakuna aliyeiba, jina lilisafiri peke yake. Bendi ya kwanza kwanza kulibeba hapa kwetu ni Dar es Salaam Jazz Band ya 1932, wakati ule ukisema jazz unamaanisha bendi ya kisasa yenye matarumbeta na dramsi, basi, sio aina ya mapigo. Mapigo yenyewe mlikua mnayatoa kwenye zile santuri zilizoandikwa GV, rumba za Cuba. Ndo maana ukisikiliza Jamhuri unasikia Havana iliyolewa tangawizi ya Tanga, New Orleans haimo. Jina likakaa, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, wote dansi. Na kina Wilson na George Kinyonga walipitia Jamhuri hapo hapo kabla hawajaenda Arusha alafu Kenya kuanzisha Simba Wanyika 1971, kwa hiyo ukisikia Wakenya wanajisifia na muziki ule waambie chimbuko liko kwetu, waja leo waondoka leo, wengine hawakurudi.

Viatu mkononi nimecheka sana mzee.

SWALI

Mjomba mambo, nipo Bagamoyo namaliza fomu foo. Nataka kuimba gospo yenye jazi ndani, nisome TaSUBa au nianze tu studio?

Dogo wa Dunda

JIBU

Poa dogo. TaSUBa hiyo hapo mlangoni kwako, ilianza 1981 kama Chuo cha Sanaa na 2007 ikawa taasisi, nenda uulize ada na sifa za kujiunga mwenyewe usitume mtu. Usiende ukitegemea jazi tupu, utakutana na ngoma, marimba na zeze na hiyo ndo bahati yako. Marehemu Hukwe Zawose alikua Mgogo aliyeishi Bagamoyo, sauti yake inapanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja, anabuni papo hapo, ukimsikiliza vizuri utagundua jazi haikuanza na saksofoni. Jifunze kusoma noti za mistari, sol-fa peke yake mpiga piano wa jazi hatakuelewa. Studio baadae, na siku ukirekodi wimbo wako wa kwanza jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na wimbo upeleke COSOTA, wale wa hakimiliki, kabla hujaurusha kwenye magrupu, sio baada.