Nyumbu wa mizigo na majaji wa kupachikwa: maswali yenu kuhusu "pack"

Wengi mmeniandikia kuhusu neno hilihili la Kiingereza, na wengi wenu ni watafsiri. Nimechambua yale ambayo kamusi peke yake haiyamalizi.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye kitabu cha historia nimekuta "pack mule", nikaandika "kundi la nyumbu". Mhariri amekata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kuna ubaya gani?

Marahaba. Mhariri yuko sawa, ila angekueleza. Huyo ni nyumbu wa mizigo, yule mtoto wa punda na farasi. Neno lilifika kwa Waingereza kutoka kwa majirani zao wa Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, na wataalamu wengi hulihusisha na wafanyabiashara wa sufu. Lilikuwa na maana ya furushi: bidhaa zilizofungwa pamoja zipate kubebeka. Maana ya kundi ilikuja baadaye.

Sasa angalia mpangilio. Kiingereza huweka jina kuu mwisho, sisi tunalitanguliza, na hapo ndipo tunapoteleza. "Pack" likitangulia jina la mnyama, kwa kawaida ni habari ya mzigo. Likilifuata, kama katika "wolf pack", ni kundi. Jizoeze na mfano huu: "ice pack" ni mfuko wa barafu wa kukandia uvimbe, lakini "pack ice" ni mapande ya barafu yaliyosongamana yakielea baharini. Hiyo ya pili ndiyo iliyoibana Endurance, meli ya Ernest Shackleton, karibu na Antaktika mwaka 1915 hadi ikavunjika na kuzama. Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema meli ilizamishwa na "pakiti za barafu". Nilicheka, kisha nikamhurumia msomaji asiye na Kiingereza cha kulinganishia.

Je, "pack", "packet" na "package" ni kitu kimoja?

Ni ndugu, si mapacha. "Packet" ni kipakiti, kitu kidogo; "package" ni kifurushi, nacho kinaweza hata kuwa cha mambo yasiyoshikika, kama mshahara pamoja na marupurupu yake. "Pack" huyumba kati yao: Mmarekani husema "pack" ya sigara pale Mwingereza anaposema "packet", ilhali kwenye karata Mwingereza ndiye mwenye "pack" na Mmarekani ana "deck". Karata zenyewe ni zilezile 52.

Kwenye intaneti usibadilishane hata kidogo. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande, kila kipande na anwani yake, na kipande hicho ni "packet". Aliyekipa jina ni Donald Davies, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza, miaka ya 1960, na alitaka neno ambalo lugha nyingine zingelipokea bila taabu. Kwetu limepokelewa: pakiti.

Magazeti ya Marekani huandika "pack the court". Wanajaza watu mahakamani?

Wanajaza majaji. Kuna matumizi ya zamani ya kitenzi hiki yenye harufu ya hila: kupanga wajumbe wa baraza la mahakama au kamati ili uamuzi uelekee unakotaka wewe. Mfano unaotajwa kila mara ni wa Rais Franklin Roosevelt. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imezifuta sheria zake kadhaa za kufufua uchumi, naye Februari 1937 akapendekeza apewe nafasi ya kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji aliyepita miaka 70 bila kustaafu, wasizidi sita. Majaji 9 wangeweza kufika 15. Seneti, japo ilijaa watu wa chama chake, iliuzima mpango huo.

Ningetafsiri "kupachika majaji wake mahakamani". "Kujaza mahakama" hakuna kosa la sarufi, ila msomaji ataona watu wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kesi.

"They sent him packing" nimeandika "walimtuma akapakie". Inasikika vibaya.

Vibaya sana! Na Kiswahili kimekuandalia tayari: walimtimua, akafungasha virago. Ni nadra lugha mbili kukutana hivi kwenye picha ileile, kwa hiyo itumie. "Pack it in" nayo, hasa kwa Waingereza, ni "acha hiyo" au "achana nayo".

"Packed" nitafsiri vipi?

Inategemea kimejaa nini. Basi limejaa pomoni, ukumbi umefurika, kitabu kimesheheni habari, sakafu ni ya udongo ulioshindiliwa.

Wanaposema "leader of the pack" wanamaanisha yule mbwa mwitu mbabe anayepigana na wenzake wote?

Picha hiyo ilitokana sana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja wakiwa hawana undugu. Mtafiti wa wanyama, Rudolf Schenkel, aliandika juu yao mwaka 1947. Mtafiti wa Marekani, David Mech, aliyekuwa amesaidia kuieneza, alieleza mwaka 1999 kwamba porini "pack" kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Kiongozi ni mzazi tu. Kwa watu, basi, "kinara wa kundi" inatosha, na kwenye mbio za baiskeli ni anayeongoza msafara. Habari za ubabe ziache.

Kwenye filamu mtu ananong'ona: "Careful, he's packing." Niweke "anafunga mizigo"?

Ana bastola. Weka "ana silaha", na uweke haraka, manukuu hayakai kwenye skrini muda mrefu.