Bima walinipa milioni 11 kwa paa lililoungua, nikawaomba wanionyeshe hesabu

Nyumba yetu iko Kinyerezi. Tuliijenga kidogokidogo kwa miaka tisa, kama wengi tunavyojenga huku, na mwishoni tukaimalizia kwa mkopo wa benki. Agosti 2023, usiku wa Jumapili, waya ulishika moto darini juu ya chumba cha watoto. Majirani walitoka na ndoo, mume wangu akapiga 114, na gari la Zimamoto lilipomaliza kazi yake upande mmoja wa paa ulikuwa umekwisha na vyumba viwili vilivyonusurika moto vilikuwa vinaogelea. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Watoto walilala kwa mama mdogo Tabata wiki tatu na bado wanaikumbuka kama likizo.

Nyumba ilikuwa na bima. Benki haikopeshi bila hiyo. Kwa hiyo katikati ya kulia nilikuwa na kajiimani fulani: angalau hili la pesa limeshughulikiwa. Fundi wangu aliandika mchanganuo wa shilingi 38,400,000. Wiki saba baadaye kampuni ya bima ikanitumia barua. Wako tayari kunilipa 11,980,000.

Nilichofanya kwanza usikifanye. Nilimpigia wakala saa tano usiku. Nilimwandikia ujumbe mrefu wenye maneno ambayo mpaka leo nikikutana naye sokoni naangalia mchicha. Asubuhi nikaenda makao makuu nikasimama kwenye kaunta nikipaza sauti. Dada wa kitengo cha madai alinisikiliza kwa subira, kisha akasema, "Pole sana mama, lakini hayo ndiyo malipo kwa mujibu wa mkataba." Nikarudi nyumbani na karatasi ileile.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, mhasibu wa ghala moja pale Vingunguti, mtu asiyependa maneno mengi. Aliisoma barua, akauliza, "Shemeji, hii milioni kumi na moja imetokana na nini?" Nikaanza kumweleza jinsi walivyo wezi. Akanikatiza: "Sijauliza wao ni nani. Nimeuliza namba imetokana na nini." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimegombana siku nne na namba ambayo sikujua ilikozaliwa.

Basi nikaandika barua ya nusu ukurasa. Nikaomba vitu vitatu: ripoti ya asesa, yaani mkadiria hasara aliyekuja kupiga picha, hesabu yenyewe hatua kwa hatua, na vifungu vya mkataba walivyovitumia kwa kila makato. Nilichapisha nakala mbili, moja nikawaachia, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Huo muhuri ni mali. Maneno ya kwenye simu hayana tarehe, na mtu uliyeongea naye leo mwezi ujao yuko likizo ya uzazi.

Hesabu ilikuja baada ya siku kumi, nayo ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Asesa alikubali hasara ya milioni 26 badala ya 38.4. Akakata uchakavu asilimia 20, ikabaki 20,800,000. Akazidisha kwa asilimia 60, ikawa 12,480,000. Akatoa laki tano ya ekses, ile sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba huibeba mwenyewe. Hapo ndipo ilipotoka 11,980,000.

Ukiitazama hivyo, hasira inapungua na akili inaanza kufanya kazi. Sasa nilikuwa na namba nne za kuzijadili, moja baada ya nyingine. Na kubwa kuliko zote ilikuwa ile asilimia 60.

Hili la asilimia 60 nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi na ndilo wasilolisikia siku ya kukata bima. Watu wa bima wanaliita avareji. Ukikatia nyumba bima ya kiasi kidogo kuliko gharama ya kuijenga upya, kampuni inakuhesabu kama uliyeamua kubeba sehemu ya hatari mwenyewe. Nyumba ya milioni 100 ukiikatia bima ya milioni 50, ikiungua jikoni tu kwa hasara ya milioni 10, hulipwi milioni 10 ati kwa sababu iko chini ya 50. Unalipwa milioni tano. Nusu ya bima, nusu ya malipo, hata kwa hasara ndogo.

Bima yetu ilikuwa ya milioni 120. Namba hiyo niliitafuta kwenye faili la mkopo kama mtu anayetafuta sindano, nikaikuta kwenye ripoti ya mthamini wa benki: ilikuwa thamani ya nyumba ikiuzwa haraka kwa mnada. Siku ya mkopo wakala aliinakili hiyo kwa sababu ilikuwa inawatosha benki, sisi tukasaini kwa sababu tulikuwa tunataka pesa ya kuezeka. Asesa naye, kupata thamani halisi, akachukua namba nyingine kwenye ripoti ileile: milioni 200, thamani ya soko. Ukigawa 120 kwa 200 unapata hiyo asilimia 60.

Nikafungua ukurasa unaofuata. Mthamini alikuwa ameichambua hiyo milioni 200: kiwanja milioni 50, jengo milioni 150. Nilicheka peke yangu sebuleni, chini ya turubai. Kiwanja hakiungui! Bima ilikuwa ya jengo, hivyo jengo ndilo lilipaswa kuwa kwenye hesabu. Ukigawa 120 kwa 150 unapata asilimia 80. Sikuukwepa upungufu, tulikuwa tumejikatia bima pungufu na hilo lilikuwa kosa letu, na nililikubali kwenye barua waziwazi. Lakini ni upungufu wa asilimia 20, siyo 40. Ili wasiseme ni maneno yangu, nilimlipa mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa aandike gharama ya kuijenga upya nyumba nzima. Alipata milioni 148 na ushei. Malipo yake yaliniuma, lakini karatasi yake ilikuwa na muhuri wa taaluma. Ya fundi wangu, pamoja na ustadi wake wote, ilikuwa imeandikwa nyuma ya profoma ya mbao.

Namba ya pili, zile milioni 26. Hapa nilipata somo la unyenyekevu. Tulikaa na mkadiriaji, ripoti ya asesa upande huu, mchanganuo wa fundi upande ule, tukatia tiki mstari kwa mstari. Asesa alikuwa ameacha silingi za jipsam za vyumba viwili vilivyoloweshwa na maji ya kuzimia moto, milioni 2.6. Maji ya Zimamoto ni matokeo ya moto, kwa hiyo ni hasara ya moto. Alikuwa amehesabu nyaya za chumba kilichoungua tu, wakati fundi umeme aliandika kwamba laini nzima ya upande ule lazima ivutwe upya: 2.9. Na hakuweka kubomoa na kubeba kifusi, 1.5, ingawa mkataba wetu ulikuwa na kifungu kinachosema kusafisha mabaki kumo. Jumla milioni saba.

Upande wetu nao haukuwa msafi. Fundi alikuwa amechomeka maboresho ya milioni 1.3, vitu ambavyo havikuwahi kuwepo kwenye hiyo nyumba. Nikayafuta. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alinishauri niongeze televisheni ya inchi 65 na friji la milango miwili. Kwanza bima yetu ilikuwa ya jengo, vyombo vya ndani havikuwemo, na makochi yangu yaliyoungua yalikwenda hivihivi. Pili, dai likikutwa na uongo mmoja linaweza kukataliwa lote, pamoja na ukweli wake. Kwenye bima uaminifu ni sehemu ya mkataba, siyo tabia njema tu.

Uchakavu haukunichukua muda. Asilimia 20 ilikatwa kwenye kila kitu kana kwamba nyumba nzima ilizeeka siku moja. Paa tulikuwa tumelibadilisha 2022, bati la msauzi, na risiti za EFD nilikuwa nazo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo. (Risiti za EFD zinafutika wino. Zipige picha siku hiyohiyo.) Wakakubali kukata uchakavu kwenye vitu vya zamani peke yake, jumla milioni moja na nusu. Laki tano ya ekses sikuigusa, iko kwenye mkataba.

Sasa jambo ambalo lingeniangamiza. Pamoja na ile barua ya kwanza kulikuwa na fomu, wenyewe wanaiita dischaji vocha. Nikisaini, nakiri kwamba nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sina dai lingine. Mume wangu alikuwa ameshachukua kalamu. Mvua za vuli hazikuwa mbali, tulikuwa tunalala chini ya turubai, na milioni 11 kwa mtu mwenye shida ni milioni 11. Namshukuru Mungu kalamu ilikuwa haiandiki. Ukishasaini hiyo karatasi, kurudi nyuma ni vita vingine. Nikaandika kwamba kiasi hicho sikikubali kama malipo ya mwisho, lakini kwa kuwa wao wenyewe hawabishi kwamba nastahili angalau hicho, wanilipe kama sehemu huku tukiendelea na kilichobaki. Walikataa. Kuuliza hakukunigharimu kitu, na nimesikia wengine wamekubaliwa.

Barua ya pili niliyopeleka ilikuwa kurasa mbili na viambatisho: taarifa ya Zimamoto, RB ya polisi, barua ya serikali ya mtaa, ripoti ya mkadiriaji, ukurasa wa mthamini wenye kiwanja na jengo, risiti, picha. Haikuwa na neno hata moja la kulalamika. Ilikuwa na namba zao, namba zangu, na sababu pembeni. Mwisho niliandika kwamba nisipopata majibu ndani ya siku 21 nitalipeleka suala hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na nakala nikaielekeza TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Wengi hawajui ofisi ya Msuluhishi ipo. Imeanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, malalamiko husikilizwa bila malipo na huhitaji wakili. Ila huendi huko moja kwa moja. Lazima uwe umeanza na kampuni yenyewe, na hapo ndipo zile nakala zenye muhuri wa kupokelewa zinapofanya kazi. Mahakama ipo pia, lakini kwa paa lililo wazi mimi ningeiweka mwisho.

Sikufika huko. Siku ya kumi na sita walinipigia, wakamtuma asesa tena, safari hii kijana mwingine. "Shikamoo mama," akasema, akapanda ngazi, akakaa darini karibu saa nzima na mkadiriaji wangu wakipimana kwa futi. Wiki iliyofuata hesabu mpya ikaja: hasara milioni 33, toa uchakavu 1.5, zidisha kwa asilimia 80, toa ekses. Shilingi 24,700,000. Mara mbili na zaidi ya ile ya kwanza, kutoka kampuni ileile na mkataba uleule.

Nilisaini. Kisha nikagundua hundi inaandikwa kwa jina la benki, kwa sababu wao ndio walioandikwa kwanza kwenye bima kama wenye dhamana. Wiki tatu nyingine zikaishia kutafuta barua ya benki ya kuruhusu pesa zije kwenye ukarabati badala ya kulipia mkopo. Kama nyumba yako ina mkopo, ombi hilo lipeleke benki mapema, siku ileile unayoripoti hasara.

Pengo lililobaki tulilifunga kwa mchezo wangu wa kina mama na kiinua mgongo cha baba mkwe, ambacho bado tunakilipa. Mwaka uliofuata nilikata bima ya milioni 165, jengo peke yake, na vyombo vya ndani kwa mkataba wake, na nikamsomea wakala kila namba kwa sauti kabla ya kusaini. Alikaa kimya kama mwanafunzi. Nadhani alikuwa bado anaukumbuka ule ujumbe wa saa tano usiku.

Kitu kimoja nilichokidai na kukikosa ni milioni 4.1 za bati la upande usioungua. Nilitaka paa zima lilingane rangi. Wakasema upande ule haukuharibika, na kwa kweli haukuharibika. Kwa hiyo ukipita kwetu utaitambua nyumba: kushoto bati jekundu la 2022 lililokwishapauka jua, kulia jekundu linalong'aa. Mwanangu mdogo anasema nyumba yetu imevaa kofia ya watu wawili.