Tangazo la serikali linaongea na nani?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mtoto wa dada yangu anasoma masta, anataka kutafiti namna serikali zinavyoongea kuhusu wahamiaji. Mi sielewi, tangazo tu lina nini cha kutafiti?

JIBU: Marahaba. Lina mengi mno ndugu yangu. Chukua Uingereza mwaka 2013, wizara ya mambo ya ndani ilitoa magari mawili ya mabango yakazungushwa maeneo sita ya London, yameandikwa kama uko nchini kinyume cha sheria rudi kwenu au utakamatwa, pembeni picha ya pingu, na kwamba wiki iliyopita watu 106 walikamatwa eneo hilo. Hiyo 106 baadaye wasimamizi wa matangazo walisema inapotosha, na wizara yenyewe ikahesabu walioondoka moja kwa moja kwa sababu ya magari hayo ni 11 tu!

Sasa mtafiti ndo anaingia hapo, anauliza ujumbe ulimfikia nani hasa. Maana mtu mwenye makaratasi yake yote, kazaliwa hapohapo, akisimama kituoni gari likapita lazima ahisi anaambiwa yeye, na hilo linauma sana. Tena kina mama wa Southall Black Sisters, shirika la London la kutetea wanawake, waliandamana kupinga, kumbe tangazo la kutisha linaweza kuwaunganisha watu.

Mwambie asiishie kusoma makaratasi ya wizara, akae na watu awasikilize, na majina yao ayafiche kabisa, kwa asiye na kibali jina kuvuja ni hatari.