Waifai imejaa mistari yote, risiva haionekani

Swali, kutoka Tabata, Dar es Salaam

Shikamoo fundi. Nina risiva ya muziki, ile ya kuendeshea spika, nimeichukua mtumba Kariakoo, nzima kabisa, ina AirPlay, ile ya kupiga nyimbo za simu bila waya, iko sebuleni. Kuna siku simu inaiona na nyimbo zinapiga safi, kuna siku haiioni kabisa kama vile haipo, na waifai imejaa mistari yote. Nyumba ina rauta mbili, moja ya watu wa faiba iko chumbani kwa mama, nyingine aliileta shemeji akaifunga sebuleni eti kuongeza nguvu, na risiva nimeichomeka kwa waya kwenye hiyo ya shemeji. Nimepandisha kifurushi kutoka megabiti 20 mpaka 50, hali ile ile. Niirudishe dukani?

Jibu

Marahaba. Usiirudishe, na hiyo hela ya kupandisha kifurushi ungenunulia waya ingekuwa na maana zaidi. Wimbo wenye ubora wa CD unakula megabiti 1.4 hivi kwa sekunde, basi, na ukitoka kwenye simu kwenda kwenye risiva wala hautoki nje ya geti, unazunguka humo humo ndani. Hata faiba ikikatika wiki nzima, nyimbo ulizohifadhi kwenye simu zinatakiwa ziendelee kupiga. Intaneti ni kitu kimoja na mtandao wa nyumba yako ni kitu kingine, ila kwa sababu vyote viwili tunaviita waifai watu wanaishia kumgombeza mtu wa faiba kwa kosa la shemeji.

Sasa sikiliza AirPlay inavyotafutana. Simu inapaza sauti ndani ya mtandao, "wenye spika humu ni nani?", na kila kifaa chenye spika kinaitika na kutaja jina lake. Mwito huo unaenda kwenye anwani moja maalumu, 224.0.0.251, na umetengenezwa makusudi usivuke rauta. Rauta ya shemeji, kama aliichomeka kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, jinsi boksi linavyoelekeza, haijaongeza nguvu ya ile ya kwanza, imejenga nyumba nyingine ndani ya nyumba. Ukiwa umeshikwa na rauta ya mama unapiga hodi uani kwa mama, risiva iko ua wa pili, haisikii.

Na ile ya leo ipo kesho haipo? Nabeti shemeji alizipa rauta zote mbili jina moja na paswedi moja. Ukitokea nje ukakaa kwenye kochi simu inadaka rauta ya sebuleni, risiva inaonekana. Ukitokea chumbani simu inang'ang'ania ile ya kule ingawa uko hatua tatu kutoka kwenye risiva, maana simu haziachii mtandao kirahisi, na wewe kwenye skrini unaona jina lile lile na mistari imejaa, utajuaje?

Pima hivi. Simama chumbani kwa mama, zima waifai ya simu uiwashe tena, ingia kwenye setingi za waifai, gusa jina la mtandao, soma IP, ile namba ya anwani ya simu yako. Rudia hivyo hivyo sebuleni. Ukikuta kule ni 192.168.100.14 na huku ni 192.168.0.103, angalia ile namba ya tatu, 100 na 0, hizo ni nyumba mbili. Zikilingana niandikie tena, itakuwa tatizo jingine.

Dawa yake haigharimu kitu. Rauta nyingi za siku hizi zina setingi ya "access point", ukiibonyeza inaacha urauta inabaki kuwa antena tu, imeisha hiyo. Kama ya shemeji haina, unafanya kwa mkono na mpangilio ni muhimu: kwanza ingia kwenye setingi zake, badilisha IP yake iwe 192.168.100.2 (kama ya mama ni 192.168.100.1), ingia tena kwa hiyo IP mpya, zima DHCP, ile kazi ya kuvigawia vifaa IP, hifadhi, halafu ndio uhamishe ule waya unaotoka kwa mama kutoka tundu la WAN uuchomeke kwenye tundu la kawaida la LAN. Mimi mara ya kwanza kufanya hii kazi nilizima DHCP kwanza, simu ikakosa IP, nikafungiwa nje ya rauta yangu mwenyewe, nikatafuta kijiti cha meno cha kuminya kile kitundu cha riseti saa tano usiku huku wageni wanasubiri muziki. Baada ya hapo jina moja la waifai sio tatizo tena, ni raha, kwa sababu nyumba imekuwa moja. Shemeji usimwambie kitu, alikuwa na nia njema.

Swali, kutoka Mji Mkongwe, Zanzibar

Assalam aleikum. Kwangu risiva inaonekana bila shida lakini muziki unakatika katika, hasa jioni. Risiva iko chumba cha mbele inatumia waifai, rauta iko chumba cha nyuma, mita kumi hazifiki. Napiga kwa AirPlay kutoka kwenye simu.

Jibu

Waaleikum salaam. Mita kumi za Mji Mkongwe sio mita kumi za Mbezi kule Dar. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na hapo katikati nina hakika zipo mbili. Waifai ya gigahezi 5 ikifika upande wa pili wa ukuta kama huo imeshachoka hoi. Ya gigahezi 2.4 inapenya zaidi lakini ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na majirani wote mliopakana nao, na Bluetooth, na maikrowevu ikiwa inapasha chakula, na jioni ndio wote mko nyumbani. Ukibaki kwenye 2.4 weka rauta kwenye chaneli 1, 6 au 11, yoyote ambayo majirani wameiacha wazi kidogo, usiiweke 3 wala 8 ukidhani unawakwepa, unakuwa unagongana na wa pande zote mbili.

Lakini kuna kitu wengi hawakijui. Ukipiga wimbo wa mtandaoni kwa AirPlay kutoka kwenye simu, wimbo ule ule unapita hewani mara tatu: rauta inaupeleka kwa simu, simu inaurudisha kwa rauta, rauta inaupeleka kwa risiva. Kwenye kuta za namna hiyo kila safari ni bahati nasibu. AirPlay ya kawaida inaweka akiba ya sekunde mbili hivi tu, ikipita hapo unasikia kimya. Kama unatumia Spotify na risiva yako ina Spotify Connect, chagua risiva kutokea ndani ya Spotify kwenyewe sio kwenye menyu ya AirPlay, hapo risiva inaenda kuchota wimbo yenyewe na simu inabaki rimoti, unaweza hata kutoka kwenda dukani muziki ukaendelea.

Mimi lakini ningekuwa wewe ningevuta waya. Simu inatembea, risiva haitembei, kwa nini uipe waifai? Kebo ya Cat5e inafika mpaka mita 100, yako haitazidi 20 ukiipitisha juu ya milango, na kwenye nyumba zile usitoboe ukuta kiholela, ipitishe palepale zinapopita waya za umeme na taa ila iache nafasi kidogo isilaliane nazo.

Swali, kutoka Mwanza

Fundi, umeme ukikatika ukarudi, risiva inapotea kwenye mtandao mpaka niizime na kuiwasha tena, wakati mwingine mara mbili. Ni kuharibika?

Jibu

Hapana, ni haraka zake. Umeme ukirudi vyote vinaamka kwa pamoja, risiva baada ya sekunde chache iko tayari inaomba IP, rauta bado inajinyoosha, inaweza kuchukua dakika mbili na zaidi. Risiva ikikosa wa kuipa IP inajipa yenyewe, ingia kwenye menyu yake ya netiweki utaona kitu kinachoanza na 169.254. Ukiona hiyo namba popote ujue kifaa kimeomba hakikujibiwa. Tafuta ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya kuwekea rauta, angalia kwanza adapta ya rauta imeandikwa volti ngapi, wengine wameunguza. Rauta isipozimika risiva itamkuta mwenyeji wake yuko macho. Na ukiwa humo kwenye rauta ifungie risiva IP moja isiyobadilika.

Swali, kutoka Nairobi

Naishi apatimenti ambayo waifai ni ya landlord, sisi wote tunatumia hiyo moja. Simu iko kwa waifai, risiva iko kwa waifai, hazionani kabisa. Nimezima VPN, ile inayopitisha intaneti ya simu njia ya pembeni, kama ulivyosema toleo lililopita.

Jibu

Hapo hata ukinileta mimi siwezi. Landlord amefunga vifaa visionane, na amefanya vizuri, la sivyo jirani wa juu angekuwekea nyimbo zake saa nane usiku. Kama unatumia iPhone angalia tu kwanza kwamba aplikesheni unayopigia muziki umeiruhusu kwenye setingi ya mtandao wa ndani, hiyo ruhusa ilianza na iOS 14 mwaka 2020 na watu wengi walibonyeza kataa bila kusoma. Ikigoma bado, nunua karauta kadogo kako, kachomeke kwa waya wa landlord kama kuna tundu ukutani, simu na risiva uziweke zote ndani yake. Ndio, ni ile ile nyumba ndani ya nyumba niliyomkataza wa Tabata, ila wewe ndiyo unayoitaka. Tundu likikosekana, waya wa RCA kutoka kwenye simu mpaka nyuma ya risiva haujawahi kuomba paswedi.