Maswali ya Wasomaji: Konde la Kilimani na Bonde la Mpunga

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Nina konde la kilimani ambalo marehemu baba alilipanda mikarafuu. Upande mmoja mikarafuu ilikufa, na kwa miaka kumi sasa ninalima hapo mihogo, ambayo kila msimu inazidi kuwa myembamba. Bonde langu la mpunga lililo chini yake halinisumbui. Shemeji yangu anayeishi Lushoto anasema kuwa kwao kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo udongo unavyozidi kuwa mweusi na wenye rutuba. Mbona kwangu ni kinyume?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Wa alaykumu salaam. Shemeji yako hakukosea, ila kipimo chake hakifai huku kwetu. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5 katika kila mita 1,000 za mwinuko, majani na mizizi iliyokufa huko huoza polepole, mboji ikajilimbikiza pamoja na nitrojeni iliyomo. Hata huko, weusi huo huonekana zaidi msituni kuliko katika shamba lililolimwa mfululizo. Vilima vya Pemba havifiki hata mita 150, kwa hiyo tofauti ya joto baina ya konde lako na bonde lako haifiki nyuzi moja, na haiwezi kuwa ndiyo inayoikondesha mihogo.

Kinachofanya kazi kwako ni mteremko. Mvua ya masika inapopiga ardhi iliyo wazi, maji hubeba kwanza mboji na chembe laini za udongo, ambazo ndizo zinazoshika virutubisho, yakaacha mchanga mkavu usioweza kushika kitu. Sehemu ya mzigo huo huishia baharini na sehemu hutuama bondeni, maana yake ni kwamba baadhi ya rutuba unayoitafuta juu umekuwa ukiivuna chini katika mpunga. Bondeni kuna faida nyingine: maji yanapotuama, fosforasi iliyoshikwa na chuma cha udongo huachiwa kiasi, mpunga ukaipata.

Matumizi ya ardhi yamezidisha tatizo hilo. Mkarafuu hukaa miaka mingi, kivuli chake huvunja nguvu ya matone, majani yake huanguka na kuoza papo hapo, na kinachotoka shambani ni makonyo (vijiti vya vishada vya karafuu) na karafuu tu. Muhogo, kwa upande wake, huchelewa kufunika ardhi, kuung'oa ni kuutifua udongo upya, na kila gunia linalokwenda sokoni huondoka na potasiamu nyingi. Watu husema muhogo hauhitaji mbolea. Kwa kweli huvumilia udongo dhaifu, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na uvumilivu huo ndio unaomfanya mkulima achelewe kugundua hasara.

Anza kwa kulima matuta yanayokata mteremko, si yanayoteremka nao, na panda kunde baina ya mihogo ili ardhi isikae wazi. Majani na mabua usiyohitaji kwa mbegu yaache shambani. Samadi iliyooza vizuri itarudisha mboji, na majivu ya jikoni, yakitiwa kwa kiasi, huongeza potasiamu na kupunguza uchachu wa udongo. Mbolea ya dukani ukiitia kabla ya kuzuia maji, utakuwa unalisha bonde.

Kabla ya kununua chochote, mwombe bwana shamba akusaidie kupimisha udongo. Chukua sampuli za kina cha sentimita 20 kutoka sehemu tatu, yaani chini ya mikarafuu iliyobaki, katika mihogo iliyo kwenye mwinuko huohuo, na bondeni, kila moja katika mfuko wake. Usizichanganye, kwa sababu tofauti ya zile mbili za mwanzo haiwezi kusingiziwa kimo cha kilima.